Penseli ya Bi Mwatime

Afisi yake ilikuwa Mlandege, ghorofani,
juu ya duka la vitenge. Ngazi kumi na tisa,
na ya kumi na moja imelegea:
mgeni hujulikana kwa kujikwaa.
Nilipanda na cheti cha skuli ndani ya bahasha ya kaki
na kikapu cha halua ya Wete, kilo nzima.

Alikata kipande, kikapu akanirudishia.
"Kipande ni salamu," alisema. "Kilo ni rushwa."
Kisha akaandika daftarini:
Raiye Faki Hamad. Mapokezi. Kiingereza cha kuelekeza njia.
Kwa penseli.

Wiki ya tatu nikapata kazi Kiwengwa.
Mkunga sikumtukana, la.
Nilimsahau tu,
na kusahau ni tusi lisilo na sauti.
Miaka miwili namba yake ililala simuni
kwa jina la "Afisi ya Kazi",
kana kwamba afisi ndiyo iliyonionea huruma.

Ikaja masika. Hoteli ikafunga milango,
mashuka yakakunjwa, bwawa wakaachiwa vyura.
Tutawaiteni, walisema.
Nikapanda tena zile ngazi,
na ya kumi na moja nikajikwaa.

Hakuninunia. Alifunua daftari,
jina langu limepauka, Faki imebaki Fa.
"Sikufuta mimi," alisema.
"Penseli hufifia yenyewe.
Anayenijia siku hana shida, huyo namtia wino."

Siku huna shida!
Hebu mpigie mtu nawe huna unalotaka:
ulimi unapapasa kutafuta ombi
kama mkono gizani unavyotafuta swichi.
Idd ile nilisema, "Idd mubarak," nikakwama.
"Ehe?" akauliza.
"Basi. Ni hilo tu."
Kimya. Halafu: "Magoti ya mama yako yanaendeleaje?"

Nilipopewa usimamizi wa zamu alijua yeye kabla ya shangazi.
Aliponitafutia kazi Paje nisiyoitaka
sikuzima simu. Nilisema, hapana, ahsante,
lakini yupo Subira, binti wa Konde,
anakijua Kitaliano hata kwa kugombana.

Na mara moja nilimwangusha.
Alinipeleka Nungwi, nami siku ya tisa
nikahamia kwa jirani bila kuaga,
kwa nyongeza ambayo leo siikumbuki ilikuwa shilingi ngapi.
Matusi ya meneja aliyapokea yeye.
Nilimwendea mikono mitupu, nikasema nimekosa.
Akaniweka kwenye benchi la waombaji kazi
mpaka adhana ya adhuhuri.
Kisha akaniagizia chai.

Lini alinitia wino, sijui. Sikuuliza.
Yapo mambo ukiyauliza yanafifia.

Juzi simu imelia saa nne usiku.
Afisi ameifunga, anasema,
siku hizi watu wanaomba kazi kwa ncha ya kidole,
na miguu nayo imezigomea ngazi.
Ana mjukuu, Nasriya, amemaliza chuo, amesomea mapishi.
"Sikuombi," alisema. "Nakwambia tu kwamba yupo."
Mimi ndiye ninayeajiri sasa, analijua hilo,
na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama
mbele ya meza, si nyuma yake.

Nikamwambia kweli: nafasi hakuna,
labda masika yakipita.
Nikavuta daftari, nikataka jina kamili.
Akalitaja polepole, herufi kwa herufi.

"Umeandika kwa nini?"
"Penseli."
Akacheka mpaka akakohoa,
nami nikamngojea kikohozi kimwachie.
"Mwambie anipigie Idd," nikasema. "Asiwe na shida."